Shule na Nyumba za Jamii Zinazolijua Jua na Upepo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usanifu wa Brazili

Kila ninapowaonyesha mafundi na kamati za ujenzi picha za Canuanã, shule ya bweni huko Brazili, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, na mengine hayahitaji zaidi ya sentensi mbili tatu.

Jengo linaloendana na hali ya hewa ni lipi hasa?

Ni jengo ambalo mchoraji wake, kabla hajashika kalamu, aliuliza jua linachoma upande gani saa nane mchana, upepo unatokea wapi, mvua inapiga ukuta upi, na usiku joto linashuka au linabaki pale pale. Majibu yake ndiyo yanayoamua upenu utoke kiasi gani, dirisha likae wapi na ukuta uwe wa nini. Feni na kiyoyozi hufikiriwa baadaye, kama bado vinahitajika.

Brazili ilianza mapema kufikiri hivi. Jengo la Wizara ya Elimu na Afya mjini Rio de Janeiro lilichorwa kuanzia 1936 na kundi la wasanifu lililoongozwa na Lúcio Costa, akiwemo kijana Oscar Niemeyer, na Le Corbusier akiwa mshauri. Lilizinduliwa 1945. Upande wake wa kaskazini, ambako jua la kule hupiga zaidi, umefunikwa na vibao vya kukinga jua vinavyozungushwa kwa mkono kufuata saa za mchana. Upande wa kusini ni kioo kitupu, maana jua halifiki sana huko. Kila uso wa jengo ulipewa vazi lake. Majengo mengi ya leo yamevishwa kioo pande zote nne, na bili ya umeme ndiyo inayolipa kosa hilo.

Kwa nini Brazili ndiyo ya kujifunzia?

Kwa sababu ndani ya nchi moja kuna hali za hewa nyingi, na watu wamejaribu, wamekosea na wamejaribu tena. Kaskazini nchi inavuka ikweta. Kusini kabisa kuna umande wa barafu mwezi Julai. Kanuni ya taifa ya mwaka 2005 kuhusu joto katika nyumba iligawa nchi katika kanda 8, na kila kanda ikapewa ushauri wake wa kuta, paa na madirisha.

Hapa kuna jambo moja ambalo watu wengi hulichanganya. Mjini Belém, karibu na mdomo wa mto Amazoni, usiku una fukuto. Ukuta mzito ukishameza joto la mchana haupati pa kulitolea, linakurudia kitandani. Huko dawa ni nyumba nyepesi, iliyo wazi, iliyoinuliwa, yenye paa pana. Kwenye nyika za ndani, zinazoitwa cerrado, usiku wa kiangazi unapoa kweli. Ukuta mzito wa udongo unameza joto mchana, unalitoa usiku wakati hewa ya nje imeshapoa, na asubuhi unaanza upya ukiwa baridi. Ukuta ule ule ni neema mahali pamoja na adhabu mahali pengine. Anayekuuzia "nyumba ya kitropiki" bila kukuuliza usiku wako ukoje, muulize yeye.

Nikitaka kutazama shule moja tu, nitazame ipi?

Tazama mabweni ya Canuanã, Formoso do Araguaia, jimbo la Tocantins. Ni shule ya bweni ya vijijini ya taasisi ya Fundação Bradesco, ng'ambo ya mto Javaés kutoka kisiwa cha Bananal. Wanaosoma pale ni watoto wa familia za mashambani, baadhi wakitoka mbali sana na nyumbani. Joto la kule hufika nyuzi 45.

Mabweni mapya yalikamilika 2017. Yalichorwa na ofisi ya Aleph Zero, yaani Gustavo Utrabo na Pedro Duschenes, wakishirikiana na mbunifu Marcelo Rosenbaum. Mwaka uliofuata yalishinda Tuzo ya Kimataifa ya RIBA, taasisi ya wasanifu majengo wa Uingereza. Yanalaza wanafunzi 540 wa umri wa miaka 13 hadi 18, katika vijiji viwili vinavyofanana, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana.

Mimi husimama zaidi kwenye idadi ya vitanda. Chumba kimoja kina wanafunzi 6. Kabla ya hapo walilala katika mabweni makubwa, wengi kwa pamoja. Wasanifu walikaa na wanafunzi, wakawauliza wanachokosa, na ikaonekana kwamba mtoto aliye mbali na kwao anahitaji mahali anapoweza kusema "hapa ni kwangu". Mimi mwenyewe nililala miaka minne kwenye bweni lenye vitanda vya dabodeka, mstari kwa mstari, chini ya bati tupu lisilo na dari. Usiku wa Novemba tulishuka vitandani tukalala sakafuni, mashavu kwenye saruji, tukitafuta ubaridi. Hakuna aliyewahi kutuuliza chochote. Ndiyo maana nikisoma kuhusu Canuanã naanzia kwenye maswali waliyoulizwa watoto kabla sijafika kwenye mbao.

Sasa jengo lenyewe. Fikiria paa moja kubwa sana, jepesi, limeinuliwa juu ya nguzo nyembamba za mbao, na kingo zake zimetoka mbele mno kuliko kuta. Chini ya paa hilo kuna vyumba vya chini vilivyojengwa kwa matofali ya udongo wa pale pale, vimezunguka nyua tatu zenye mimea. Kila chumba ni kama kisanduku kilichowekwa chini ya mwembe. Kati ya juu ya vyumba na paa kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo haikuachwa bure: kuna sakafu ya mbao, njia za kupita, mahali pa kusomea, pa kucheza, pa kukaa tu na kutazama mbali. Jua linapiga paa. Joto la paa linachukuliwa na upepo unaopita katikati kabla halijafika chumbani. Mtoto analala chini ya kivuli cha kivuli.

Lakini lile ni paa la bati. Bati si linachoma?

Linachoma likiwa karibu na kichwa chako na hewa chini yake haitembei. Joto linalokusumbua darasani mchana, sehemu kubwa linashuka kutoka kwenye bati lenyewe, kama moto wa jiko unavyokupata usoni hata bila kuligusa. Weka kitu kati yako na bati, iwe dari au sakafu ya juu, kisha acha hewa iingie upande mmoja wa uwazi huo na kutokea mwingine. Rangi nyeupe au ya kung'aa juu ya bati nayo inarudisha sehemu ya jua angani. Kenchi zikipanda kidogo na kuta za pembeni zikaachwa na matundu chini ya upenu, umeshapata nusu ya faida bila kununua kitu kigeni.

Upenu ndio sehemu inayokatwa kwanza pesa zikipungua. Usikubali. Sentimita 30 za bati zilizookolewa kila upande zitalipwa na ukuta unaolowa kila masika na darasa linalofunga madirisha kila mvua ikinyesha, yaani kila linapohitaji hewa.

Matofali ya udongo hayayeyuki na mvua?

Yanayeyuka yakinyimwa ulinzi. Wajenzi wa udongo wana usemi kwamba nyumba ya namna hiyo inataka viatu vizuri na kofia nzuri: msingi wa mawe au zege ulioinuka juu ya maji ya ardhini, na paa linalotoka nje ya ukuta. Brazili hutumia sana mchanganyiko wa udongo na saruji kidogo, ukashindiliwa kwenye mashine ya mkono na kukaushwa kivulini ukimwagiliwa maji kwa siku kadhaa. Tofali hilo halichomwi. Hakuna tanuri la kula kuni, wala lori la kuleta mzigo kutoka mbali.

Wana pia nyumba za fito na udongo, ndugu kabisa wa nyumba zetu za kukandika. Wao huziita pau-a-pique. Zilipata sifa mbaya, na sababu yake ni ya kweli. Nyufa za ukuta ule ni maficho ya mdudu anayeitwa barbeiro, anayeeneza ugonjwa wa Chagas. Kwa hiyo mzee wa kijijini Brazili akikataa udongo, si kwamba anaona haya kwa umaskini tu. Anakumbuka ugonjwa. Jibu ni kuziba na kulainisha ukuta na kuutunza kila mwaka, na msanifu asiyejua historia hiyo hatasikilizwa.

Cobogó ni kitu gani?

Ni tofali la matundu. Lilibuniwa Recife, mji wa pwani, mwaka 1929, na jina limeunganishwa kutoka majina ya wabunifu watatu: Coimbra, Boeckmann na Góis. Ukipanga mengi unapata ukuta unaokinga jua na macho ya wapita njia huku ukiruhusu hewa na mwanga. Mnara wa maji wa Olinda, uliochorwa na Luiz Nunes katika miaka ya 1930, una nyuso kubwa zilizojengwa hivyo. Hapa kwetu matofali ya matundu tunayajua vizuri; kosa letu ni kuyaweka tundu mbili juu ya dirisha kama pambo, wakati yalipaswa kuwa ukuta mzima.

Mbu? Ndiyo, wanapita. Kwa hiyo ukuta wa matundu ni wa korido, ngazi, vyoo, mahali pa kufulia na kumbi. Chumba cha kulala kiwe na wavu.

Mbao zote zile za Canuanã si zimemaliza msitu?

Ni mbao za mkaratusi wa kupandwa. Vipande vyembamba vinagandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka kiwandani hadi vinakuwa nguzo na boriti ndefu, zenye nguvu inayojulikana, zilizotibiwa dhidi ya mchwa. Zilifika na kuunganishwa haraka, jambo linalosaidia mahali palipo mbali na mji.

Lakini nisiseme nusu. Mashamba makubwa ya mkaratusi yana ugomvi mrefu Brazili. Jamii za vijijini zinalalamikia ardhi na maji, na zimeyapa mashamba hayo jina la jangwa la kijani. Mbao ya kupandwa ni bora kuliko mti wa Amazoni uliokatwa kwa wizi; hata hivyo mnunuzi ana wajibu wa kuuliza ilipandwa wapi na nani aliondolewa pale.

Kwa nini serikali isichore shule moja nzuri na kuijenga kila mahali?

Imejaribiwa, tena mara nyingi. Programu ya Proinfância, iliyoanza 2007, imejenga shule za watoto wadogo nchi nzima kwa michoro sanifu. Faida ni wazi: halmashauri ndogo isiyo na msanifu hata mmoja inapata mchoro kamili bure. Hasara ni kwamba mpango wa vyumba unaofaa Porto Alegre kwenye baridi hauwezi kufaa Manaus kwenye joto bila kubadilishwa, na kiwanja chenyewe mara nyingi ndicho kinachoamua jengo litazame wapi, hata kama ni magharibi.

Mtu aliyepita vizuri katikati ya hayo mawili ni João Filgueiras Lima, ambaye Wabrazili wote humwita Lelé, aliyefariki 2014. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijenga shule za vijijini Abadiânia, Goiás, kwa vipande vya zege jembamba lenye wavu wa chuma ndani. Kila kipande kilikuwa chepesi kiasi cha kubebwa kwa mikono bila winchi. Baadaye Rio na Salvador alianzisha viwanda vizima vya kutengeneza vipande hivyo kwa ajili ya shule na huduma za mitaani. Kilichorudiwa ni kipande, jengo likabaki huru kugeuka kufuata kiwanja na upepo. Tahadhari: zege jembamba likimwagwa ovyo, wavu unapata kutu mapema. Kiwanda chenye usimamizi ni lazima.

Kuna shule maarufu zilizokosea?

Zipo. Shule za CIEP za jimbo la Rio, zilizojengwa katika miaka ya 1980 chini ya gavana Leonel Brizola, zilikuwa na wazo kubwa la naibu wake, Darcy Ribeiro: mtoto maskini ashinde shuleni siku nzima, ale, aoge, asome. Niemeyer alizichora, na zilijengwa takriban 500. Lakini kuta kati ya madarasa na korido hazikufika juu. Hewa ilipita, na sauti ikapita nayo. Mwalimu wa hesabu alishindana na wimbo wa darasa la jirani mwaka mzima. Kila mara fundi anaponiambia "tuache uwazi juu hewa ipite", namkumbusha CIEP. Uwazi upeleke nje, kwenye bustani au uani. Usiupeleke kwa jirani.

Tugeukie nyumba. Mutirão ni nini?

Ni msaragambo. Wakenya wataielewa kwa harambee. Majirani wanakutana siku za mapumziko na kujenga kwa pamoja. São Paulo walilichukua jambo hilo la kijijini na kulifanya njia ya kujenga maghorofa ya mjini.

Wakati Luiza Erundina alipokuwa meya, 1989 hadi 1992, manispaa ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwa vyama vya wakazi. Chama ndicho kilichoajiri washauri wa kiufundi, kikanunua vifaa, kikalipa mafundi wachache na kupanga zamu. Maamuzi yalipitishwa kwenye mkutano mkuu. Mfano huo uliangalia sana vyama vya ushirika vya nyumba vya Uruguay. Mojawapo ya vikundi vya washauri ni USINA, kilichoanzishwa 1990, na bado kipo.

Hebu tazama jambo moja dogo katika kazi ya USINA kwenye mradi wa nyumba wa COPROMO, mjini Osasco, jirani na São Paulo. Ngazi ya chuma ilisimamishwa kwanza, kabla ya kuta. Watu wengi kwenye eneo la kazi hawakuwa mafundi, na sehemu kubwa walikuwa wanawake waliotoka kazini wiki nzima. Jukwaa la miti ni hatari kwao. Ngazi ikishasimama, kila mtu anapanda na ndoo yake kwa usalama hadi ghorofa ya mwisho. Zaidi ya hapo, ngazi iliyonyooka ndiyo timazi: kozi za matofali zinapimwa kutoka kwake, na mtu aliyejifunza kujenga mwezi uliopita anaweza kusimamisha ukuta ulionyooka. Kitu kimoja kimekuwa jukwaa, kipimo, na hatimaye njia ya kwenda nyumbani. Sijaona mahali pengine ambapo mchoraji amemfikiria mjenzi kwa heshima kama hiyo.

Baadaye, katika mutirão ulioitwa Paulo Freire, mtaa wa Cidade Tiradentes mjini São Paulo, uliokamilika 2010 kwa familia 100, walitumia fremu ya chuma ili kuta za ndani zisibebe mzigo. Familia zikapata nafasi ya kupanga vyumba kwa namna tofauti.

Kumjengesha maskini nyumba yake Jumapili si kumnyonya mara mbili?

Swali hili Wabrazili wenyewe wameliuliza kwa ukali. Mwanasosholojia Francisco de Oliveira alisema tangu 1972 kwamba mfanyakazi akijijengea nyumba siku ya mapumziko, mwajiri anapata nafasi ya kumlipa kidogo. Naona ana haki. Mutirão unaotegemea jasho la bure bila fedha za umma, bila mshauri wa kiufundi na bila mamlaka ya kuamua, ni mzigo tu. Tofauti ya São Paulo ilikuwa hiyo: wakazi walishika fedha na maamuzi. Na mara nyingi nyumba zilizotoka huko zilikuwa kubwa na zenye mpangilio bora kuliko za makandarasi.

Sheria inasaidia?

Kuna sheria namba 11.888 ya mwaka 2008. Inazipa familia zenye kipato hadi mishahara mitatu ya kima cha chini haki ya kupata msanifu au mhandisi bure kwa ajili ya nyumba yao. Utekelezaji wake hutegemea sana fedha na utashi wa manispaa. Programu kubwa ya nyumba, Minha Casa, Minha Vida, ilianza 2009. Imelaumiwa kwa safu za nyumba zinazofanana, mbali na mji. Jambo moja jema la hatua yake ya pili ni kwamba nyumba za familia maskini zilifungwa vipasha-maji vya jua, katika nchi ambayo bafu la umeme hula sehemu nzito ya bili.

Hatuna fedha za Canuanã. Tuanzie wapi?

Tazama nyumba moja ndogo ya mtaa wa mlimani Belo Horizonte, kwenye Pomar do Cafezal, iliyochorwa na kikundi cha Coletivo Levante na kushinda tuzo ya nyumba ya mwaka ya ArchDaily, tovuti ya usanifu, mwaka 2023. Matofali yake ni yale yale ya bei nafuu, yenye matundu, yanayotumika mtaa mzima. Waliyalaza tu upande wa pili, ukuta ukawa mnene na wenye hewa zaidi ndani, hivyo joto likachelewa kuingia. Madirisha yamewekwa ili upepo uvuke. Vifaa ni vya mtaani. Kilichoongezwa ni akili.

Kisha anza na kiwanja chako: pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, madirisha yawe pande mbili zinazokabiliana, na mti wa kivuli upandwe magharibi siku ya kwanza ya ujenzi, si siku ya uzinduzi.

Tunaweza kuiga haya Afrika Mashariki?

Formoso do Araguaia iko kwenye latitudo karibu sawa na mpaka wa kusini wa Tanzania, na mvua zake hukatika karibu Aprili, kama Songea na Tunduru. Kwa watu wa huko mfano uko karibu sana. Kwa Tanga, Mombasa au Lamu, somea Recife na Belém: upepo kwanza, ukuta mzito baadaye. Kwa Njombe au Limuru palipo na baridi, paa linaloelea juu ya nguzo litawatesa watoto Julai.

Kabla ya kuiga chochote, nunua kipimajoto cha bei ndogo, kitundike kwenye darasa mlilonalo, usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, mbali na dirisha. Mpe mwanafunzi mmoja daftari aandike namba saa nne asubuhi, saa nane mchana na, kama ni bweni, saa tatu usiku, wiki mbili za miezi ya joto na wiki mbili za baridi. Msanifu akija, mpe daftari hilo kabla ya chai.